Mtu Asiyekataa Mkate

Mama yake Kuburum alikuwa na hadithi moja tu, na ndiyo iliyomharibu mwanawe.

Hadithi yenyewe hapa Uru hata mbwa wanaijua. Zamani yule mtu wa Eridu, kipenzi cha mungu Ea, aliitwa mbinguni kujibu kesi ya kuuvunja bawa upepo wa kusini. Ea, ambaye kwa ujanja hana mpinzani, akamwita pembeni akamwonya: huko utapewa mkate, usile, ni mkate wa kifo, utapewa maji, usinywe, ni maji ya kifo. Basi akaenda. Akaletewa mkate, akatikisa kichwa. Akaletewa maji, akatikisa kichwa. Bwana wa mbinguni akacheka mpaka akashika mbavu, maana ule ulikuwa mkate wa uzima na yale yalikuwa maji ya uzima, na mtu wetu alikuwa ameukataa umilele kwa adabu zote. Akarudishwa duniani mikono mitupu, na ndiyo sababu mimi na wewe tutakufa.

Watu wengi wakiisikia huguna kidogo, huilaumu miungu, kisha hurudi kwenye pombe yao. Kuburum hakuwa watu wengi. Aliisikia akiwa mtoto, kinywa kimejaa tende, akaacha kutafuna akawaza. Akaona kosa la babu yule ni moja tu: alikataa chakula. Na kwa kuwa miungu wanapenda mizaha, nani ajuaye watauleta tena lini mkate ule, na kwa mkono wa nani? Siku hiyo akajiapiza kwamba yeye, mwana wa Ilshu, hatakataa chakula cha mtu yeyote mpaka mwisho wa dunia, ambao alikusudia kuuona kwa macho yake mwenyewe.

Alipokua akawa fundi wa mapaa, na sidhani kama aliichagua kazi hiyo kwa kupenda tope. Mapaa yetu ni magogo ya mitende, juu yake mikeka ya matete, juu tena tope lililokandwa na makapi, na kila mwaka kabla ya mvua lazima yapakwe upya, la sivyo utalala na bakuli kifuani. Kwa hiyo fundi wa mapaa huingia nyumba zote, ya tajiri na ya mkata, na kila nyumba humlisha. Kuburum alikula dengu za wajane zisizo na chumvi. Alikula samaki wakavu waliowashinda hata paka. Alikula nzige wa kuchemsha, nzige wa kukaanga, na siku moja nzige ambaye bado alikuwa na nia ya kuondoka. Palipokuwa na nyumba mbili zilizogombana, asubuhi alikula huku, mchana kule, na kila upande ukamwona ni wa kwao. Jirani yake Puzuru, mwuza pombe ambaye ulimi wake hauna mfupa, alikuwa akisema kwamba Kuburum hata umpe lile tope lake mwenyewe atakuuliza kitunguu kiko wapi.

Walimwona mlafi, lakini walimwonea. Mlafi hufurahi anapokula. Kuburum alilitia tonge kinywani, akafumba macho, akatafuna polepole, akasubiri. Akishameza alijipapasa mkono, kisha goti, kuona kama kuna kilichobadilika. Hapakubadilika kitu. Basi alishukuru, akapanda paani, maana mla ni mla leo, mla jana kala nini, na kesho kuna nyumba nyingine.

Aliyeijua siri hiyo ni mkewe Lamasi. Alimwambia siku ya harusi, na bibi harusi akacheka akidhani ni maneno ya bwana harusi. Baadaye ndipo alipofahamu kwamba ameolewa na mtu ambaye hana mpango wa kufa. Aliishi naye hivyo hivyo. Kuna waume wabaya kuliko huyo, na jambo moja la kumsifu lilikuwepo: chakula cha nyumbani nacho hakukikataa.

Hawakujaliwa mtoto. Walitoa kondoo hekaluni, walitoa bata, wakanywa vitu vichungu vya waganga, mpaka umri ukawapita. Na kwetu hilo si jambo dogo. Wafu wetu tunawazika chini ya sakafu ya nyumba, na sakafuni tunaacha bomba la udongo limetokeza mdomo wake. Kila mwezi, siku ile mwezi unapokufa angani, mtoto wa nyumba hupiga magoti, humwaga maji bombani, huweka mkate, huwaita waliolala kwa majina yao. Wakiitwa ndipo wanapokula. Asiye na wa kumwita hula vumbi na kuramba tope, na kiu ikimzidi hutoka kuzurura, akaokota makombo majalalani pamoja na mbwa. Hapa Uru ukitaka kumlaani mtu mpaka kwenye mifupa, unamwombea akose wa kummwagia maji.

Lamasi aliliogopa hilo waziwazi, akalisema kila mwezi. Kuburum aliliogopa zaidi, ila hakulisema, maana yeye alikuwa na dawa yake. Asiyekufa ana haja gani na maji ya bombani?

Sasa palikuwa na Humtani, mfumaji mikeka, mwanamke mtu mzima mwenye mabega mapana na maneno machache. Homa ilipita kwao mwaka mmoja ikawazoa wote, mume na ndugu na wazazi, kisha nyumba yenyewe ikaporomoka juu ya makaburi yao. Kila mwezi ukifa alikwenda pale na mtungi, akamwaga maji juu ya kifusi, akikisia bomba liko wapi. Yeye na Kuburum walifanya kazi pamoja miaka mingi, mmoja akitandika mikeka, mwingine akipaka tope nyuma yake, wakawa chanda na pete. Chakula cha wenye nyumba kikichelewa, Humtani alimmegea fundi mkate wake. Na mkate wa Humtani ulikuwa na sifa. Aliubandika ubavuni mwa tanuri, akakumbuka mkeka ambao haujaisha, akaenda. Alipokumbuka mkate, upande mmoja ulikuwa makaa. Kuburum aliula wote bila kulalamika, huku akizungumza habari za marehemu baba yake, ambaye alikuwa hali mpaka aone kitunguu.

Shauri lilitoka kwa Lamasi. Kwetu si ajabu mtu mzima kufanywa mtoto wa nyumba. Wasio na mtoto na asiye na wazazi wakikutana, shughuli yote huisha kwa mkate mmoja. Mtoto huuoka kwa mkono wake, huumega mbele ya mashahidi, mama anakula, baba anakula, basi, huyo ni damu yenu, na siku mkilala chini ya sakafu bomba ni lake. Kuburum alipoambiwa akasema vizuri sana, wamchukue Humtani, ili naye apate wa kuzungumza naye hao wengine watakapokuwa wamekufa. Lamasi akashika ufagio. Alikwenda kufagia ua.

Siku ikafika. Puzuru alileta mtungi wa pombe na mirija, akaketi mahali pa shahidi mkuu, maana ndiye mkubwa wa mtaa, akaanza kunywa ili kujaribu kama mirija haivuji. Humtani alikuja amevaa shuka safi, mafuta ya ufuta yanang'aa kichwani. Watu walisimulia kwamba alisimama mbele ya tanuri bila kupepesa jicho, na bado mkate uliungua upande mmoja, kwa sababu kwa hofu ya kukosea aliubandika chini mno, karibu na makaa. Akaumega. Lamasi alipewa kipande chake akakila pale pale akilia, na machozi yakasaidia kukilainisha. Kuburum akapokea chake kwa mikono miwili, akafumba macho kama ilivyo kawaida yake.

Puzuru akatoa mrija kinywani, akatamka maneno ya desturi.

"Kuleni mkate huu, na siku mtakapokufa, mikono iliyouoka ndiyo itakayowamwagia maji."

Kuburum akafumbua macho. Siku mtakapokufa. Maisha yake yote alikuwa akiuwinda mkate wa uzima, na hata mara moja hakuwahi kulifikiria lile onyo la Ea lenyewe, kwamba duniani uko pia mkate wa kifo. Na huu hapa. Umekuja mikononi mwake, umetajwa mbele ya mashahidi, na ukiula umekubali, umetia muhuri. Akautazama ule upande mweusi.

"Sili," akasema.

Puzuru alidhani masikio yake yamelewa kabla ya kichwa. "Umesemaje, Mzee Kuburum?"

"Nimesema sili. Nimeshiba."

Hilo la kushiba ndilo lililowatisha watu. Bibi mmoja alimshika mtoto wake mkono wakatoka. Humtani hakulia. Aliuchukua mkate kutoka mikononi mwa mzee, akauweka kwenye kishubaka cha ukuta, akajifunga shuka lake vizuri.

"Miaka yote umeula juu ya mapaa, fundi," akasema. "Leo una nini?"

Lamasi ndiye aliyejibu, akiwa amesimama, kidole juu, ili mashahidi wote wasikie. Akasema yeye amekula. Huyu ni mwanawe kuanzia leo, atalala humu ndani na kula humu ndani, na yule bwana aliyeketi pale ni mpangaji.

Na ikawa hivyo. Humtani akahamia, mama na mtoto wakala pamoja uani wakicheka, na mpangaji akawekewa bakuli lake karibu na mlango. Ule mkate aliouacha, Lamasi aliutoa kishubakani ulipokauka, akaufanya kabari ya kuzuia mlango usipigwe na upepo. Kila alipotoka Kuburum aliuruka, na kila aliporudi aliuruka.

Habari ikazunguka mtaa kabla tope halijakauka. Wapishi wa Uru waliumia. Walijiuliza, kama ameukataa mkate wa mwanawe, wao ni nani? Akipanda paa la mtu, chakula kikawa hakipandi. Wengine walitoka mlangoni wakamwuliza kwa upole kama leo atakula au ameshiba, kisha wakaingia ndani bila kungoja jibu. Mama yake alimwita Kuburum kwa sababu alizaliwa mnene, na miaka yote jina lilimkaa vizuri. Sasa likaanza kusikika kama kejeli. Mbavu zilitokeza. Nyumbani kwake paa lilikuwa linavuja pale pale juu ya mkeka wa mpangaji, maana kinyozi hajinyoi, na usiku alisikia tone likimdondokea akaona kifo kinamhesabu. Akaamua kwamba akingoja mkate wa uzima umfuate atachelewa. Ataufuata yeye.

Akashika njia ya kusini, kwenye mabwawa ya matete upande wa Eridu, kwa kuwa huko ndiko aliko Ea na huko ndiko mambo haya yalikoanzia. Watu wa mabwawani ni wakarimu. Kila nyumba alipewa, na kila alichopewa alikula, akafumba macho, akajipapasa. Mwishowe akafika kwa bibi mmoja mcheshi, mlangoni kwake pamening'inia fungu la majani ya majini. Akauliza ni nini. Bibi akamweleza vizuri kabisa, hakumficha kitu: hiyo ni dawa ya ng'ombe aliyefunga choo, unampa jani moja tu, na hata fahali mzee aliyelala chini akingoja kufa, anainuka na kukimbia kama ndama.

Mtu husikia anachotaka. Masikio ya Kuburum yalipokea mzee, yakapokea kufa, yakapokea kukimbia kama ndama. Mengine yote yaliteleza kama maji mgongoni mwa bata. Akaomba. Bibi, akidhani mgeni ana ng'ombe, akamwambia achukue tu, hayo ni majani, hayauzwi. Akageuka kuchochea moto. Aliporudisha uso, fungu zima lilikuwa limekwisha na mgeni anafumba macho.

Sitaki kuwa mwongo: dawa ilifanya kazi. Ilimrudisha nyuma, tena haikuishia ujanani, ilipitiliza. Watu wa mabwawani walipomleta kwa mtumbwi alikuwa hawezi kusimama, hawezi kushika kikombe, na ilibidi afungwe nguo kama anavyofungwa mtoto mchanga. Lamasi akamwosha, akamgeuza, akamlisha uji kwa kidole, akimwita majina ambayo sitayarudia hapa. Puzuru alikuja kumjulia hali. Alisimama mlangoni akasema hongera, mzee amekuwa mdogo kweli, sasa akinyonya vizuri tutamtafutia jina.

Kuburum alilala hivyo siku kadhaa, dhaifu kama uzi uliolowa. Kisha asubuhi moja akamsikia Lamasi akisema uani kwamba mwezi umekufa.

Alijaribu kuinuka. Miguu haikumjua. Akajaribu tena kwa kushika ukuta, akaanguka chali, akabaki anatazama magogo ya paa. Chini ya sakafu ile walikuwemo baba yake Ilshu na mama yake, wamelala na kiu ya mwezi mzima, wanasubiri. Hakuwahi kuwakosesha hata mara moja. Ndugu hana. Lamasi ni mke, na kwetu sauti ya mke haifiki kule kwa wakwe. Jina husafiri bombani likitoka kinywani mwa mtoto wa nyumba, basi. Na mtoto wa nyumba ndiye huyu, mpangaji, amefungwa nguo ya kichanga.

Hapo ndipo lilipomwingia. Miaka yote alikuwa akikitazama kifo chake tu, kama vile ni chake peke yake. Siku akifa yeye bila mtu, Ilshu atakufa mara ya pili. Mama yake, na hadithi yake moja, ataokota makombo jalalani. Kuburum akalia kwa sauti, mzee yule, na safari hii hakukuwa na dawa ya ng'ombe ya kusingiziwa.

Katikati ya kilio akasikia maji.

Yalikuwa yakiteremka bombani, chumba cha pili, taratibu, kama yanavyomwagwa na mtu anayejua kazi. Kisha sauti ya Humtani, ile ya maneno machache.

"Mzee Ilshu, pokea maji. Pokea mkate. Kitunguu nimekuwekea, najua bila kitunguu huli. Na wewe bibi, mama wa fundi, pokea. Mwanao haumwi sana. Amekula majani ya ng'ombe, atapona."

Hakuna aliyemtuma. Alikuwa mtoto wa Lamasi, na wafu wa Kuburum hawakuwa wake. Lakini mtu aliyemwaga maji juu ya kifusi miaka mingi, bila kujua kama yanafika, hawezi kukaa ua mmoja na wazee wa mtu wenye kiu.

Kuburum alisikia jina la baba yake katika kinywa cha mtu mwingine, kwa mara ya kwanza tangu mzee azikwe, na mwili ukamsisimka kuliko alivyowahi kusisimka kwa chakula chochote. Kisha hofu ikamrudia upesi: halifiki. Huyu si mtoto wa nyumba. Yeye mwenyewe ndiye aliyekataa asiwe. Maji yanateremka sasa hivi, na jina limekwama njiani.

"Humtani, ngoja," akaita. "Usimalize maji. Mkate wangu uko wapi?"

Lamasi akatokeza kichwa. Akamwambia mkate wake uko mlangoni, unafanya kazi, si kama watu wengine.

Basi Kuburum akatambaa. Alitambaa kwa mikono na magoti, nguo ya kichanga ikimburuta nyuma, akavuka chumba, akavuka ua ambamo kuku walimpisha, akafika mlangoni akaichomoa ile kabari. Mlango ukajibamiza. Akafuta vumbi kwa mkono, akauma. Mkate haukuonyesha dalili yoyote ya kuumwa. Akauma kwa upande mwingine, ule mweusi, na jino lake moja la mbele likatangulia kwa wahenga. Lamasi alikuwa amesimama mikono kiunoni, midomo imekaza, lakini macho yalikuwa yamemlowa. Akageuka akatoka mbio kwenda kumwita Puzuru.

Kuburum akatambaa mpaka kwenye bomba. Humtani alikuwa bado amepiga magoti, mtungi mikononi, maji kidogo yamebaki. Aliuinamisha mtungi, akamwagia mkate maji yale yale ya wafu, ukaanza kulainika kwa shingo upande, na mzee akaanza kumega vipande vidogo vidogo na kumeza. Alikula hivyo mpaka Puzuru akafika, mrija bado umo mkononi. Puzuru alimtazama fundi sakafuni, ndevu zina makombo na damu, na kwa mara ya kwanza ulimi wake ukakosa la kufanya.

"Niseme maneno yote?" akauliza kwa sauti ya chini.

Kuburum akaitikia kwa kichwa, kinywa kimejaa. Akameza. "Yote," akasema. "Na lile la kufa."

Puzuru akayasema. Siku mtakapokufa, mikono iliyouoka ndiyo itakayowamwagia maji. Kuburum akameza kipande cha mwisho, macho wazi. Kisha akamwambia Humtani aite tena, tangu mwanzo, yale ya kwanza huenda hayakufika.

Humtani akainama juu ya bomba.

"Babu Ilshu," akasema, "pokea."

Kuburum alipona, akanenepa, jina likamrudia. Wapishi wa mtaa waliposikia alikula kabari ya mlango walimsamehe wote, wakaona mtu huyu sasa hawezi kumkataa yeyote. Aliishi miaka mingine mingi akipaka mapaa pamoja na mwanawe, hata paa lake mwenyewe, na aliendelea kula kila alichopewa. Ila aliacha kufumba macho. Alikula huku akiwatazama waliompa, akasifu chumvi, akauliza watoto wanaendeleaje, wala hakujipapasa tena. Alikufa baada ya chakula cha mchana, ameegemea ukuta, nusu ya tende iko mkononi. Nusu ile aliimaliza Puzuru, akasema haifai kuikataa. Lamasi alimfuata mwaka uliofuata, akinung'unika kwamba mtu huyu hata huko hataweza kujipakulia.

Humtani mpaka sasa yumo katika nyumba ile. Kuoka amejifunza, mikate yake siku hizi inatoka mizuri, ya rangi ya asali, watu huiomba. Lakini mwezi unapokufa huubandika mmoja chini kabisa, karibu na makaa, akausubiri uungue upande mmoja, ili mzee ajue umetoka kwa nani. Kisha hupiga magoti penye bomba, humwaga maji, huwaita wote kwa majina, Ilshu na kitunguu chake, Lamasi, na wale wa kwao wa kwenye kifusi, ambao nao wamepata bomba. Wa mwisho humwambia, "Baba Kuburum, mkate huu. Usiniambie umeshiba."

Asubuhi yake mkate haupo. Wenye midomo wanasema ni panya. Panya wa Uru nawafahamu mimi, nimeishi nao. Mkate ulioungua namna ile hawaugusi.